Mugonjwa Hasukumwi Kimya Kimya

Wakati nilikuwa kijana wa ndevu tatu, kamyo moja ya samaki ya chumvi ilikwama mu matope karibu na Bogoro. Ilikuwa inatoka ku ziwa, inapanda Bunia, na mvua ya siku mbili ilishageuza barabara kuwa uji. Chofere alikuwa mutu mufupi, wa kofia ya sufu hata mu jua kali, na alikaa juu ya jiwe anaangalia magurudumu yake sawa vile mutu anaangalia mukwe asiyefaa. Siye vijana wa pale tulikuja na majembe, tukachimba, tukatandika matawi, tukasukuma. Siku ya kwanza kamyo ilirudi nyuma. Siku ya pili ilienda mbele hatua tatu, kiisha ikainama upande moja ikakataa. Samaki ikaanza kunuka mpaka wamama waliacha kupita njia ya shamba. Siku ya tatu nikaona kitu: watu wote walikuwa wanasukuma kwa mikono. Mimi nikageuka, nikaweka mugongo, nikasukuma kwa miguu. Wengine wakafanya vile, na kamyo ikatoka. Chofere akanipa samaki kumi na mbili, akasema niko na mugongo wa maana. Mbele ya siku ile hakuna mutu alishasifu kiungo changu chochote, basi nikalibeba lile neno mpaka Bunia.

Nasema hii juu vijana wa ku hospitali wananiulizaga nilisoma wapi kazi. Sikusoma fasi yoyote. Masomo yangu iliishia troisième primaire, darasa ya tatu, wakati mwalimu wetu alihama na hakuna mwingine alikuja, na mpaka leo naandika pole pole, ulimi nje. Ku Bunia nilisukuma pousse-pousse, ile mukokoteni ya soko. Nilisukuma mihogo, mafuta, mabati, na siku moja kabati ya arusi na bibi-arusi mwenyewe amekaa juu yake, sababu alikataa matope ishike viatu vyake vyeupe. Halafu siku ingine nikasukuma mama mwenye mimba, uchungu imeshamushika, kutoka soko mpaka mulango ya hospitali. Wenye kazi yao wakamuchukua. Muzee moja wa blouse ya kijani akabakia pale, haangalii mama, anaangalia gisi nilishika ile pousse-pousse ku mushuko.

Akaniambia: "Unasukuma vizuri, lakini unasukuma sawa mihogo."

Ilikuwa muzee Gaspard, brancardier, ni kusema mutu wa kusukuma wagonjwa. Nikaanza kazi juma iliyofuata, na nikaifanya mpaka mwaka jana. Naandika hii kwa nyinyi mumebakia na shario zetu, vile vitanda vya magurudumu. Habari ya vyeo siandike, juu nilikuwa na kimoja tu: Papa Shario.

Siku ya kwanza muzee Gaspard hakunionyesha mugonjwa. Alinionyesha gurudumu. Gurudumu ya mbele ya kushoto, kwa kila shario nilishaona mu maisha, njo inakuwaga na kichwa ngumu. Unaipaka mafuta ya mawese kila jumatatu, kidogo tu, ukizidisha inakusanya vumbi. Kizuizi haishikake, basi unatembea na nusu-tofali ya kuzuia gurudumu. Kunyanyua mugonjwa mukuwe wane, moja anahesabu un, deux, trois, moja mbili tatu ya kifaransa, na wote wanyanyue ku trois, asiwepo mutu wa haraka wa kunyanyua ku deux. Kila hospitali iko na mutu wa deux. Kwetu alikuwa mutu wa pharmacie, chumba ya dawa, na tulimukataza hata kukaribia.

Juma ya pili nikafanya kosa yenye walikuwa wanacheka mpaka naacha kazi. Kulikuwa na fundi wa cherehani wa kupasuliwa ngiri, mutu mwenye afya kabisa zaidi ya ile ngiri. Kutoka sale, pale wagonjwa wanalala, mpaka bloc, pale wanapasulia, unavuka kiwanja wazi, na mvua ilikuwa inapiga. Nikaona itamupiga mu macho. Nikavuta shuka nikamufunika mpaka kichwa. Kiisha, juu ya mushuko, nikageuza miguu yake itangulie. Nikakimbia, mudomo imefungwa, nahesabu mashimo ya maji.

Kando ya kile kiwanja njo kuna jiko ya magarde-malade, wale wa jamaa wenye wanapikia wagonjwa na kulala karibu nao. Wamama wakaona mutu amefunikwa uso, miguu mbele, na brancardier anakimbia bila kusema. Kwetu mutu hupita hivyo mara moja tu. Wakaanza kulia. Bibi ya yule fundi akaangusha sufuria ya maharagi, akajitupa chini, anaita jina yake. Na chini ya shuka fundi anasikia bibi yake anamulilia. Alituambia nyuma kwamba aliwaza: basi imeisha, na hata haikuuma. Hakuniuliza kitu, mimi pia sikumuambia kitu. Tulipofika, moyo yake ilikuwa inapiga mpaka docta alikataa kumupasua, akasema wangoje siku mbili ishuke.

Muzee Gaspard hakunigombeza. Aliniambia nilale juu ya shario, akanifunika, akanizungusha hospitali nzima bila neno. Nilikuwa na nguvu ya ng'ombe siku ile. Lakini kila shimo ilinishitua, kila kona nilifikiri naanguka, nikasikia watu wanapita wanaongea polepole, nikajua wanaongea juu yangu. Tuliporudi nilikuwa na jasho mwili nzima. Kiisha akanizungusha mara ya pili, uso wazi, na akawa anasema: sasa mulango, itagonga kidogo. Sasa jua, funga macho. Sasa mushuko, nimekushika. Ni njia ile ile, shario ile ile, na nilikaribia kusinzia.

Akasema: "Umeona? Shario iko moja. Kinywa njo inabadilisha njia."

Tangu pale kila kijana mupya nilimulalisha kwanza, namuzungusha mara mbili. Moja alitapika. Alikuwa brancardier muzuri sana.

Mama Beatrise alikuwa mukubwa wa wainfirmière, wauguzi, mu sale ya wanaume, mwanamuke mukubwa wa sauti ndogo. Yeye njo alinifundisha kitu cha pili. Kulikuwa na docta kijana, alitoka masomo mbali, akili kama wembe, lakini alikuwa anaulizaga wagonjwa kwa français akiwa amesimama, anaangalia karatasi. Wagonjwa wetu wako na adabu: docta akiuliza, wanasema ndiyo. Unasikia uchungu? Ndiyo, docta. Haiumi tena? Ndiyo, docta. Anapima tension, presha ya damu, ya muzee, anakuta iko juu, anaandika dawa. Mama Beatrise anangoja atoke, anakaa ku kitanda, anauliza muzee mbuzi zake ziko na nani, kiisha anapima tena. Imeshuka. Nilimuona anafanya vile mara mingi mpaka nikamuuliza kama mashini inamuogopa docta. Akasema mashini haiogope, mwenye mukono njo anaogopa.

Nitasema ukweli moja ya nyumbani, mukiisoma muniachie heshima kidogo. Siku nzima nilikuwa naongelesha watu wenye sijui majina yao, jioni nafika nyumbani, nakula, nanyamaza. Nilifikiri maneno yangu iliisha ku kazi, sawa petroli. Bibi yangu Josefina alivumilia miaka. Halafu siku moja akaweka sahani mbele yangu akasema anafikiria kuvunja muguu, labda vile nitamuongelesha. Nikacheka. Yeye hakucheka. Kichwa ilikuwa inamuuma miezi mingi, usingizi hakuna, na mimi mwenye najua habari ya kila kitanda mu sale, habari ya kitanda yangu sikuijua. Tukaanza kutembea pamoja kila siku mbele ya kula, mpaka ku barabara kubwa na kurudi, ananiambia yake, namuambia yangu. Kichwa haikuisha siku moja, lakini iliisha. Alikufa nyuma sana, na ugonjwa ingine, na tuliongea mpaka siku yake ya mwisho. Sijute hiyo.

Sasa nifike kwa Ukumu.

Alikuja mwaka moja tu mbele ya mimi kupumzika. Alikuwa mutu wa upande wa Mahagi, anachimba dhahabu upande wa Mongbwalu, na udongo ya shimo ilimuangukia. Paja ilivunjika, na juu ya mfupa kulikuwa na kidonda. Wenzake wa shimo walimuleta mu kamyo, wakamusalimia, wakarudi kazini. Docta (ule wa akili kama wembe, alishazeeka kidogo sasa) akasema lazima wapasue, wasafishe, wafunge mfupa na chuma, na mapema, sababu kidonda ikishika mfupa watakata muguu, ao watamupoteza yeye nzima. Ukumu akageukia ukuta. Karatasi ya kukubali kupasuliwa hakutia mukono, chakula hakula. Wakimuuliza inauma fasi gani, haongee. Siku ya tatu wengine walianza kusema labda udongo ilimupiga na ku kichwa.

Nilimupeleka radio, pale wanapiga picha ya mifupa. Nikaongea gisi naongeaga: mulango, jua, mushuko. Ku shimo ya tatu akasema: "Papa, shimo ile hukuniambia."

Ilikuwa kweli. Nikamuomba pardon. Na kwa sababu nilimuomba pardon, akaongea. Alisema hataki kuingia mu bloc juu hana mutu wa kushika nguo zake. Nyinyi wote munajua: mbele ya mulango ya bloc mugonjwa anavuliwa, na mutu wa jamaa yake anapokea nguo, anazikumbatia pale mpaka atoke. Hakuna docta aliandika ile sheria, lakini sijaonaga mutu ameingia bila hiyo na moyo yake imetulia. Ukumu alisema nguo zake zitawekwa chini, na mutu mwenye nguo yake iko chini hana mwenye anamungojea.

Nikamuuliza kama kweli hana mutu. Akaanza kuhesabu mashimo na mimi mpaka tumefika. Halafu akasema iko na ndugu yake mudogo hapa hapa Bunia, Dieudo, anaendesha moto, pikipiki ya kubeba watu, na hawajaongea miaka ine. Mama yao alikufa, Dieudo akamuzika bila kumungojea. Ukumu alifika kutoka shimo akakuta kaburi imeshakauka.

Dieudo nilimujua. Ni wa wale motard, waendesha-moto, wa mbele ya geti yetu, mwenye moto nyekundu. Nikaenda kwake, na pale njo nikafanya ujinga kubwa kupita ule wa shuka. Nilimuambia ndugu yake anaomba pardon. Kiisha nikarudi nikamuambia Ukumu kwamba ndugu yake anamusalimia sana. Hakuna moja alisema vile. Nilifikiri maneno ni sawa gurudumu, ukipaka mafuta kidogo itatembea.

Dieudo akaingia siku ile ile, kofia mu mukono, anasimama ku miguu ya kitanda anangoja pardon yake. Ukumu analala pale anangoja salamu yake. Sale nzima ikageuka, inawaangalia. Nilihesabu mu moyo, sawa vile tunanyanyuaga mutu, na nilihesabu mbali sana.

Mwisho Dieudo akanigeukia: "Iko wapi ile pardon?"

"Pardon gani?" Ukumu akasema.

Dieudo akavaa kofia akatoka. Ile mangaribi homa ya Ukumu ikapanda, na hata maji akakataa. Docta akasema tunabakia na siku mbili, zaidi ya pale atazungumuza habari ya kukata. Mama Beatrise akanivuta kando. Kwa ile sauti yake ndogo akaniambia nilipakia maneno ya watu wawili sawa magunia ya soko, nikaongeza na yangu juu, na sasa mugonjwa njo anabeba uzito. Sikulala vizuri. Na mimi ni mutu wa kulala.

Asubuhi nikaenda ku kitanda nikamuambia Ukumu ukweli. Nikamuambia: nilikudanganya, na yeye pia nilimudanganya, salamu na pardon vyote nilipika mimi. Dieudo iko ku geti sasa. Maneno yake siwezi kukuletea tena. Lakini weye naweza kukusukuma mpaka kwake.

Alifunga macho. Kiisha akasema: "Sukuma."

Mama Beatrise alisema yeye haoni kitu, akaenda kutokuona kitu upande ingine wa sale. Tukamunyanyua wane, ku trois, na muguu imefungwa ku mbao. Nikapita nikisema kila kitu. Sasa mulango. Sasa jua. Sasa mushuko. Sasa ndugu yako iko mbele, hatua kumi, juu ya moto nyekundu. Ukitaka turudi, sema.

Hakusema turudi. Ku hatua ya tano akasema: "Nyekundu? Alikuwaga anasema nyekundu ni rangi ya wamama."

Dieudo akatuona. "Papa Shario, umeleta tena uongo yako?"

"Leo sikuleta maneno," nikasema. "Nimeleta mutu."

Akabakia juu ya moto, anaangalia barabara. Wenzake motard wakazima mashini zao, wakaona aibu, wakawasha tena moja-moja, ili wasionekane wanasikiliza. Walikuwa wanasikiliza.

Ukumu njo alianza, na hakuanza na utamu. "Ulimuzika mama bila mimi."

"Hata udongo hukumutupia, na unataja mama?"

"Ulinipa wakati? Nilifika nikakuta hata wenye kulia walisharudi kwao."

"Siku tatu tulikungojea," Dieudo akasema. "Tatu, Ukumu. Wakasema mwili haiwezi tena. Nilijilaza mbele ya mulango ili wasitoshe sanduku nje. Wajomba njo walinitosha, wawili mikono, moja miguu, mbele ya watu wote, sawa mulevi."

Nilisikia pumzi ya Ukumu imebadilika. Akauliza, polepole sasa: "Nani aliniambia hiyo?"

"Shangazi. Nilimutuma akuambie."

"Shangazi aliniambia uko na kazi mingi, nisikusumbue."

Miaka ine, na kila Noeli Ukumu alikuwa anashuka Bunia, wanakaa mu muji moja. Shangazi alipitisha maneno ao hakupitisha, sijue, labda naye alipaka mafuta yake. Mimi sina mudomo wa kumuhukumu.

Dieudo alikuwa angali juu ya moto. Nikamuambia kile kitu cha pili, cha Mama Beatrise: "Shuka, bwana. Mutu mwenye amelala, kutoka pale, anaona kidevu yako tu."

"Na kidevu haijabadilika," Ukumu akasema. "Ingali ya mbuzi."

Dieudo akashuka. Akainama mpaka uso yake ikawa sawasawa na ya ndugu yake, na wote wawili walikuwa na ile kidevu, ni ukweli. Ukumu akasema: "Wanataka kunipasua. Naogopa. Sina mutu wa kushika nguo."

"Lete."

"Sasa? Hapa mbele ya motard?"

"Lete shati. Ingine utanipa ku mulango."

Tulimunyanyua kichwa, tukamuvua shati pale ku geti, na Dieudo akaikunja akaiweka ndani ya koti yake, ku kifua, akafunga zipu. Ukumu akaomba maji. Alikunywa kikombe mbili bila kupumua. Kalamu ya kutia mukono ku karatasi, mimi njo nilienda kutafuta, na nilikimbia, na muko na haki ya kucheka mutu wa miaka yangu anakimbia na kalamu.

Walimupasua siku ile ile. Dieudo alisimama mbele ya bloc na lile fungu la nguo tangu asubuhi mpaka jua imegeuka, hakukaa, hakula, na kiti nilimuletea. Docta alipotoka, aliangalia ile fungu, aliangalia Dieudo. Mutu wa akili kama wembe, nilimuona mara ya kwanza anapinda magoti mpaka amefika fasi Dieudo sasa alikuwa amechutama, anakumbatia zile nguo. Akamuambia kwa Swahili, Swahili yake mubaya ya masomoni, kwamba muguu itabakia. Muguu itabakia. Nilienda nyuma ya jiko ya magarde-malade nikacheka peke yangu sawa mwenda wazimu.

Homa ilishuka. Dieudo akawa garde-malade, wa kwanza nilimuona wa kuchoma hata maji. Ugali yake ilikuwa na mawe ndani, na Ukumu alikuwa anaikula yote akiitukana, na sale nzima ilingojea saa ya chakula sawa watu wanangoja kandanda. Muzee wa kitanda ya kando, mwenye hakuongea tangu aje, akaanza kuamua kati yao. Tension yake pia ilishuka. Na docta, tangu pale, mbele ya kila kupasua anauliza swali moja yenye haiko ku karatasi yake: nani atashika nguo? Kama hakuna mutu, hapasui mpaka tumemutafutia moja, hata mama wa jiko, hata mimi. Nilishika nguo za watu saba mbele ya kupumzika. Wote saba walitoka wakaziomba.

Mwili ya Ukumu ilichukua miezi. Kwanza magongo mbili, kiisha moja, kiisha fimbo. Siku ya kutoka nilikuja na shario mpaka kando ya kitanda, juu ku hospitali yetu mugonjwa anasukumwaga mpaka geti. Nilikuwa nimeipaka mafuta, gurudumu ya kushoto na yote. Akaiangalia.

"Aksanti, papa," akasema. "Hiyo uwekee mugonjwa."

Akashuka ule mushuko na fimbo yake, Dieudo kando anasukuma moto imezimwa, wanagombana nani aliharibu redio ya mama yao, mu mwaka gani, na betri gani. Ku geti hakugeuka. Alivuka barabara, akapita katikati ya motard wenye walikuwa wanamuita, akapanda upande wa soko na miguu yake yote mbili, na hajarudi tena.